Seva iko Amu, nakala iende Malindi: nianze na lipi?

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ndiye ninayeangalia hifadhidata ya sako yetu hapa Amu, sako ya wavuvi na wenye mashua. Tunatumia programu ya hifadhidata ya Postgres 14 kwenye seva moja ya Ubuntu 18.04 iliyo chumba cha nyuma cha ofisi. Hifadhidata ina GB 96, diski ni ya GB 240 na zimebaki GB 62. Nimepima Juni hadi Agosti nikaona inaongezeka GB 2 kwa mwezi, kwa hiyo naona diski inatutosha miaka miwili na nusu. Sasa kamati imenunua seva mpya yenye Ubuntu 22.04, tuiweke tawi la Malindi iwe replika, yaani nakala hai inayofuata kila badiliko la Amu. Laini yetu ya kupandisha ni megabiti 5 kwa sekunde. Vijana wanaotuandikia programu nao wanadai kloni, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia majaribio. Je, replika ikishasimama naweza kuacha bakapu ya kila usiku ili niokoe nafasi? Nianze na lipi? Na RAM ya GB 16 inatosha?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho langu linarudi pale uliposema kuacha bakapu. Usiache. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa mbachao wako ni lile faili la usiku, hata kama ni kuukuu na linakula nafasi.

Sababu iko katika namna replika inavyofanya kazi. Postgres haigusi jedwali kabla ya kuandika mabadiliko katika daftari lake la kutangulia, wanaloliita WAL, vipande vya MB 16 kila kimoja. Replika inapokea vipande hivyo kutoka kwa seva kuu na kuyarudia yote yaliyomo, herufi kwa herufi. Haiulizi kama badiliko ni la haki au ni la mkono ulioteleza. Seva ya Amu ikiungua, ikiibiwa, au chumvi ya bahari ikala ubao wake, Malindi itakuwa na kila kitu. Lakini mtu wenu akifuta jedwali la wanachama Amu, Malindi nayo italifuta kabla hajainua kichwa.

Hilo sikulisoma mahali, lilinipata. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikitunza hifadhidata ya taasisi moja hapa Malindi. Asubuhi moja, saa nne na robo, mhasibu aliniomba nirekebishe salio la mtu mmoja. Nikaandika amri ya UPDATE, nikabonyeza kabla ya kuweka mstari wa WHERE unaotaja ni mwanachama yupi. Kwenye skrini ilitakiwa itokee UPDATE 1. Ikatokea UPDATE na tarakimu tano mbele yake. Nikaingia kwenye replika mbio, nikiamini pale nitapata salio za zamani. Kila mwanachama alikuwa na salio lile lile, hadi senti.

Basi nikaenda kwenye bakapu. Mafaili yalikuwepo, moja kwa kila usiku, tarehe zimepangika vizuri. Nikatazama ukubwa: baiti 20. La juzi baiti 20, la mwezi uliopita baiti 20. Nenosiri la mtumiaji wa bakapu lilikuwa limebadilishwa, pg_dump, programu inayotoa bakapu, ikawa inakataliwa mlangoni, na gzip, ya kubana mafaili, iliyokaa nyuma yake kwenye bomba ikawa inabana hewa tupu. Hewa tupu ikibanwa na gzip inatoa faili la baiti 20. Na kwa kuwa gzip yenyewe ilimaliza kazi yake salama, ratiba ya usiku iliandika kwamba kila kitu ni sawa. Tuliziingiza upya salio zile kutoka kwenye stabadhi za karatasi, watu watatu, usiku na mchana. Tangu siku hiyo siiti kitu bakapu mpaka nimekirejesha kwa mkono wangu na kukihesabu.

Si sisi wadogo tu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu, alikuwa akijaribu kuifufua replika iliyobaki nyuma, akafuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kati ya GB 300 hivi zikabaki kama 4.5. Wakatafuta bakapu za pg_dump, wakakuta zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu toleo la programu halikulingana na la hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya hapo, kwa ajili ya seva yao ya majaribio. Yaani waliokolewa na kloni. Hilo likae akilini mwako, kwa sababu nitalijengea jibu lote: kloni wanayoidai vijana wako ndiyo nafasi yako ya kuthibitisha bakapu kila wiki. Usiwatengenezee kutoka kwenye seva kuu. Watengenezee kutoka kwenye bakapu. Siku bakapu ikiharibika, kloni haitasimama, na vijana ndio watakaokupigia simu kwanza, kabla balaa halijafika.

Sasa mpangilio. Wewe umeanzia kwenye replika kwa sababu ndiyo iliyonunuliwa. Mimi naiweka ya tatu.

Ya kwanza ni kurejesha. Wiki hii, kabla hujagusa lingine, chukua bakapu ya jana usiku uifungue kwenye ile seva mpya ingali hapo Amu. Ukitumia pg_dump, tumia muundo wa saraka na kazi nne sambamba (-Fd -j 4), usipitishe kwenye bomba la gzip. Kama ni lazima upitishe, weka set -o pipefail juu ya skripti ili kosa la amri ya kwanza lisifunikwe na mafanikio ya pili. Kumbuka kwamba pg_dump ya hifadhidata moja haibebi watumiaji wenyewe wala nenosiri zao. Hayo yanatoka kwa pg_dumpall --globals-only, na wengi hulijua hili siku wanarejesha kweli na hakuna mtu anayeweza kuingia. Ikishafunguka, usiridhike kwamba haikutoa makosa. Jumlisha salio za kila tawi ulinganishe na ripoti ya jana. Kisha nenda kaunta, tazama namba ya stabadhi ya mwisho ya jana kwenye kitabu cha karatasi, uitafute kwenye hifadhidata iliyorejeshwa. Ukiiona, una bakapu. Andika pia kazi yote ilichukua saa ngapi, kwa sababu mwenyekiti atakapouliza siku ya mkasa "tutafungua lini?", hilo ndilo jibu lako.

Ya pili hukuiuliza, lakini ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote: Ubuntu 18.04 Amu na 22.04 Malindi. Replika ya kawaida ya Postgres inanakili kurasa zenyewe za diski, pamoja na faharasa, orodha za kutafutia, zilizokwisha kupangwa. Mpangilio wa maneno ndani ya faharasa hizo Postgres kwa kawaida haiupangi yenyewe, inaukopa kwa maktaba ya mfumo inayoitwa glibc. Na glibc 2.28, iliyotoka 2018, ilibadilisha kanuni za kupanga. Ubuntu 18.04 ina 2.27, 22.04 ina 2.35. Seva zako mbili zimesimama pande mbili za mpaka huo.

Jaribu mwenyewe. Kwenye kila seva, kwa lugha ya en_US.UTF-8, ipe amri ya sort mistari miwili: 1-1 na 11. Seva ya Amu itaanza na 11, ya Malindi itaanza na 1-1. Sasa fikiria namba zenu za uanachama kama zina kistari, au majina yenye kibainishi kama Ng'ang'a. Faharasa iliyopangwa Amu itasomwa Malindi kwa kanuni nyingine. Utamtafuta mwanachama usimpate, naye yumo. Utaingiza namba ambayo tayari ipo, na kizuizi cha kuzuia marudio kitaipitisha. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Utaligundua siku mmeihamishia kazi Malindi, yaani siku mbaya kuliko zote. Ukiandika \l ndani ya psql, dirisha la amri la Postgres, ukaona kwenye safu ya Collate pameandikwa C, umesalimika, maana C haitegemei glibc. Lakini ukiona en_US.UTF-8, na ndivyo ilivyo kwenye seva nyingi, usisimamishe replika kati ya mifumo hiyo.

Dawa yake ni kuihamisha Amu kwanza. Ubuntu 18.04 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kupata viraka 2023, kwa hiyo kuhama kunakudai kwa vyovyote. Nunua diski mpya kwa seva ya Amu, na kwa hesabu nitakayokupa chini utaona huna budi. Weka 22.04 juu yake, na Jumamosi mkifunga kaunta, toa pg_dump ya mwisho uirejeshe hapo. Faharasa zitajengwa upya kwa kanuni mpya. Usiitupe diski ya zamani. Iweke kando kama ilivyo kwa mwezi mzima. Na kama hatua ya kwanza uliifanya kwa uaminifu, tayari unajua kazi hii inakula saa ngapi na kama itaisha kabla ya Jumatatu.

Utaona kitu kingine. Hifadhidata iliyorejeshwa kwa pg_dump mara nyingi huwa ndogo kuliko ile ya mwanzo. Tofauti hiyo ni nafasi tupu iliyokuwa imekaa ndani ya majedwali na faharasa: mistari iliyofutwa na kubadilishwa kwa miaka. Kufuta mistari katika Postgres hakurudishi nafasi kwenye diski. VACUUM, amri ya kufagia, inaitenga ili mistari mipya ikae pale pale, basi. Iandike tofauti hiyo, ni kipimo kizuri kuliko ripoti nyingi.

Sasa ya tatu, replika. Kwanza amua kama seva kuu isubiri Malindi ithibitishe kila muamala au isisubiri. Nakushauri isisubiri. Umbali si tatizo, mwanga ndani ya nyuzi unaruka Amu hadi Malindi kwa muda ambao karani hawezi kuuhisi. Tatizo ni laini kukatika. Ukiweka kusubiri na replika ikawa moja tu, siku laini ikikatika kila muamala Amu utaganda kaunta, mvuvi amesimama na pesa mkononi, na seva yenu haina ubaya wowote. Bila kusubiri, ukipoteza Amu ghafla utapoteza sekunde chache za mwisho, au zaidi kama laini ilikuwa chini. Stabadhi za karatasi zitaziba pengo hilo. Liambie kamati waziwazi, wakubali kwa kauli yao, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kisha pima laini dhidi ya WAL, usikisie. Leo saa mbili asubuhi chukua thamani ya pg_current_wal_lsn(), yaani mahali WAL ilipofika, kesho saa hiyo hiyo uichukue tena, pg_wal_lsn_diff itakupa tofauti kwa baiti. Tuseme umepata GB 4 kwa siku. Megabiti 5 ni MB 0.625 kwa sekunde, yaani GB 2.25 kwa saa laini ikiwa haina kazi nyingine. Kwa hiyo mabadiliko ya siku nzima yanapita kwa saa moja na dakika 47. Laini ikikatika kutwa, ikirudi jioni replika itaifikia seva kuu kabla ya kulala. Hapo uko vizuri.

Nakala ya mwanzo ni habari nyingine. GB 96 kwa laini hiyo ni karibu saa 43 mfululizo, na ofisi yenu nayo inataka intaneti. Usipitishe hapo. Chukua pg_basebackup, nakala ya hifadhidata nzima kama ilivyo diskini, kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa usimbaji, ivushe kwa boti hadi Mokowe, ipande basi kupitia Witu na Garsen, kesho yake iko Malindi. Ukiichukua, tumia -C -S ili itengeneze sloti yenye jina. Sloti ni ahadi: seva kuu haitatupa kipande chochote cha WAL mpaka mwenye sloti akipokee. Ndiyo itakayokuwekea vipande vyote vya muda ambao diski iko safarini, na replika ikiunganishwa Malindi itaanzia pale pale.

Lakini ahadi hiyo haina mwisho usipoiwekea mwisho, na hapa watu wengi wameumia. Replika ikizimwa na ikasahaulika, WAL itarundikana Amu GB 4 kwa siku hadi diski ijae, na Postgres ikikosa nafasi ya kuandika WAL inaanguka. Yaani seva ya akiba imeua seva kuu. Toka toleo la 13 kuna kipimo cha max_slot_wal_keep_size, na kwa kawaida yake ni -1, maana yake bila kikomo. Iweke GB 20. Hizo ni siku tano za laini kukatika. Zikizidi, sloti itabatilika na itabidi uisimamishe replika upya kwa safari nyingine ya basi, lakini kaunta itabaki wazi.

Kuangalia kama replika inakwenda sawa, wengi huchukua pg_last_xact_replay_timestamp, saa ya muamala wa mwisho uliorudiwa, na kuitoa kwenye saa ya sasa. Kipimo hicho kitakutisha bure usiku: kama hakuna muamala tangu saa kumi na moja jioni, saa tisa usiku kitasema replika iko nyuma saa kumi. Tengeneza jedwali dogo la mstari mmoja, seva kuu iandike saa humo kila dakika, nawe uisome saa hiyo Malindi. Ikizidi dakika tano, simu yako ilie.

Na nani ataipandisha Malindi iwe kuu? Mtu, si programu. Seva mbili peke yake haziwezi kujua kama mwenzake amekufa au laini tu imekatika. Oktoba 2018 mtandao wa GitHub, kampuni nyingine ya kazi kama ya GitLab, ulikatika kwa sekunde 43 kati ya vituo viwili, mfumo wao ukahamisha ukuu wenyewe, kila upande ukabaki na maandishi ambayo mwenzake hana, na kuyapatanisha kukawagharimu saa 24 na dakika 11 za huduma mbovu. Hao wana wahandisi usiku na mchana. Nyinyi laini inaweza kukatika mara ngapi kwa wiki? Andika hatua kwenye karatasi, ibandikwe ukutani Malindi: piga simu Amu, hakikisha kwa macho ya mtu kwamba seva ya Amu imezimwa na waya wake wa mtandao umechomolewa, ndipo uite pg_promote(), amri ya kuifanya Malindi kuu. Ya Amu ikipona isiwashwe kama kuu. Inarudi kama mfuasi wa Malindi, kwa pg_rewind, inayoirudisha hadi pale seva mbili zilipoachana, ikiwezekana. pg_rewind inataka data checksums au wal_log_hints viwe vimewashwa kabla ya mkasa, kwa hiyo washa sasa hivi unapojenga Amu upya. Fanyeni zoezi mara moja kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Kloni nimeshakupa msingi wake. Kila wiki, Malindi, kwenye diski tofauti na ya replika, bakapu inarejeshwa na kloni inazaliwa. Kama vijana wataomba uwatolee kwa CREATE DATABASE yenye TEMPLATE kwenye seva kuu, kataa. Inataka watu wote watoke kwenye hifadhidata wakati inanakili, na inakula GB 96 nyingine za diski usiyokuwa nayo.

Kabla kloni haijafunguliwa kwa mtu yeyote, skripti ile ile inayorejesha ipite ndani na kufanya mambo mawili. Kwanza ing'oe meno: funguo za kutuma SMS, za malipo ya simu, na ratiba zote zinazojiendesha. Niliwahi kuona kloni ya majaribio ikiwatumia watu halisi ujumbe kwamba mikopo yao imechelewa. Mama mmoja alikuja ofisini akilia, na stabadhi ya malipo mkononi. Pili ifunike watu: majina, namba za vitambulisho, namba za simu vibadilishwe, kiasi na tarehe zibaki ili majaribio yawe na maana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haitofautishi seva kuu na ya majaribio. Data ya mwanachama ikivuja na kukawa na hatari ya kumdhuru, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna, hata kama imevuja kutoka kwenye kompyuta ya kijana aliyekuwa akijaribu tu. Wanachama wenu wanawaamini kwa akiba ya jasho la bahari. Usiwape vijana majina yao.

Sasa ile hesabu ya miaka miwili na nusu. Umepima Juni hadi Agosti. Huo ni msimu wa kusi, bahari chafu, vyombo vingi vimepandishwa pwani na amana zimepungua. Kaskazi ikianza kuvuma na bahari ikatulia, Novemba hadi Machi, ndipo samaki wanapopatikana na kaunta yenu inapojaa. Nenda kwenye jedwali la miamala, hesabu mistari ya kila mwezi kwa miaka miwili nyuma, utauona msimu kwa macho. Ramadhani nayo ipime peke yake. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ukilinganisha Machi na Machi utadanganyika. Linganisha Ramadhani na Ramadhani.

Tuseme umekuta kaskazi ni mara tatu ya kusi, yaani GB 6 kwa mwezi. Sasa toa kwenye zile 62 vitu ambavyo si vyako kutumia: GB 20 za sloti, na moja ya kumi ya diski, GB 24, ambayo usiiguse kamwe kwa sababu faharasa zikijengwa upya na ripoti kubwa zikipangwa zinahitaji uwanja. Zimebaki 18. Septemba na Oktoba zitakula 4, Novemba na Desemba 12. Januari unaanza na GB 2 mkononi, katikati ya msimu. Hiyo ndiyo tarehe yako, dada yangu, si miaka miwili na nusu.

Usijaribu kujiokoa kwa VACUUM FULL. Najua utashawishika. Inaandika jedwali upya zima, inalifunga watu wasiliguse, inataka nafasi ya nakala ya pili, na yote inayoandika inapita kwenye WAL. Jedwali la GB 40 litamwaga GB 40 hivi kwenye laini yako ya GB 2.25 kwa saa: karibu saa 18. Na kabla hazijafika nusu zitakuwa zimevuka kikomo cha sloti cha GB 20. Usiku mmoja wa kufagia, asubuhi huna replika. Kama kuna jedwali la kumbukumbu za SMS zilizotumwa, na karibu kila sako ninayoijua inalo na hakuna anayelisoma, ligawe kwa miezi unapohamia diski mpya. Mwezi uliopitwa na wakati utauondoa kwa DROP, nafasi inarudi papo hapo na WAL haisikii kitu.

Diski nunua ya TB 1. Ziwe mbili pacha ndani ya seva, moja ikifa nyingine iendelee. Na seva yenyewe itoe chumba cha nyuma kama ukuta wake unalia maji msimu wa masika.

RAM ya GB 16 inatosha kwa sasa. Tazama kwanza shared_buffers, kiasi cha RAM ambacho Postgres imejitengea: kama imebaki kwenye MB 128 ya kiwandani, ipandishe hadi GB 4, na max_connections, idadi ya miunganisho, iache 100. Mashine nyingi ninazoletewa kwamba RAM haitoshi, RAM yake Postgres haijawahi kuionja.